Sura ya 5: Mimi Si Nesi, Nitafanya Nini Pale?

Mtu akisikia kwamba hospisi inapokea watu wa kujitolea, swali linalomtoka kwanza ni hilo. Huliuliza mwalimu mstaafu wa Ngoingwa, huliuliza mama mwenye duka pale Kihunguro, huliuliza kijana aliyemaliza chuo na bado anasubiri kazi. Sijui kudunga sindano. Sijui dawa. Nikiona kidonda kikubwa nahisi kizunguzungu. Sasa nitafanya nini mbele ya mtu ambaye madaktari wenyewe wamesema hawana la ziada?

Jibu fupi: utafika siku uliyosema utafika, saa uliyosema. Sehemu kubwa ya sura hii ni maelezo ya jibu hilo, maana ni gumu kuliko linavyosikika.

Hospisi ni kitu gani hasa

Watu wengi wa Thika na Ruiru wakisikia neno hospisi hufikiria jengo ambalo mtu hupelekwa kufia. Hofu hiyo huwafanya waje wakiwa wamechelewa, mgonjwa akiwa ameteseka miezi mingi bila sababu. Ukweli ni kwamba hospisi nyingi za Kenya hazina hata kitanda cha kulaza mtu. Mgonjwa anaishi kwake. Akiweza kutembea anakuja kliniki, asipoweza nesi anamfuata nyumbani, na kati ya ziara hizo simu hupigwa.

Huduma yenyewe huitwa tiba shufaa: kumpunguzia maumivu na mahangaiko mtu mwenye ugonjwa mkubwa, awe bado anatibiwa au matibabu ya kuponya yamefika mwisho. Saratani ndiyo inayowaleta wengi, na si ajabu. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha Wakenya takriban 42,000 wakigunduliwa na saratani kwa mwaka, na takriban 27,000 wakifariki kutokana nayo. Lakini tiba shufaa ni ya mwenye figo zilizochoka pia, mwenye moyo dhaifu, aliyepooza upande mmoja, na anayeishi na UKIMWI uliokomaa.

Aliyeipa kazi hii sura yake ya kisasa ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama nesi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua Hospisi ya St Christopher's jijini London. Alisisitiza kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayakai mwilini peke yake. Kuna deni la karo, kuna mtoto ambaye hamjaongea tangu mgombane, kuna swali la Mungu ambalo mtu anaona haya kumuuliza mchungaji. Dawa itatuliza mfupa, haitagusa hayo mengine. Hapo ndipo mtu asiye nesi anapopata kazi.

Kenya ilianza na Hospisi ya Nairobi mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, mmoja wa waliofanya kazi pale siku za mwanzo, baadaye alivuka mpaka na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Leo mkazi wa Thika ana Hospisi ya Thika, katika eneo la Hospitali ya Thika Level 5. Mkazi wa Ruiru ana hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta jirani, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019 na yenye kituo cha saratani. Matibabu yamesogea. Kilichobaki mbali ni mtu wa kukaa na mgonjwa akirudi nyumbani.

Anayechoka ni nani?

Tuseme kuna mama wa miaka 70 na kitu, ana saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, na ameletwa kutoka kijijini Gatanga kuishi na binti yake Kimbo, Ruiru. Nyumba ni ya kupanga, chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Binti alikuwa anauza nguo sokoni. Ndugu zake wawili wako Nakuru na Mombasa, wanatuma M-Pesa mwisho wa mwezi na kuuliza hali kwenye kundi la WhatsApp. Majirani ni watu wema, lakini wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu za Thika Road na kurudi usiku. Jirani wa mlango wa pili huenda hajui kuna mgonjwa humo ndani.

Mama anatumia morfini ya maji, dawa ya maumivu makali ambayo hunywewa kila baada ya saa nne, kwa sababu nguvu yake huisha muda huo ukipita. Kwa kawaida ratiba huwa hivi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku, ambapo mara nyingi hupewa dozi maradufu ili alale hadi alfajiri. Iangalie ratiba hiyo kwa macho ya binti. Siku yake imekatwa vipande vya saa nne nne. Ndani ya kila kipande kuna kumgeuza mama kila baada ya saa mbili ili mgongo na nyonga visitoke vidonda vya kulaliwa, kumbadilisha pampasi, kufua, kukoroga uji ambao pengine atakunywa vijiko vitatu tu. Kwenda Ruiru mjini, kusubiri kwenye foleni ya duka la dawa na kurudi ni karibu kipande kizima. Sokoni hawezi kwenda kabisa. Kanisani ameacha. Tangu mwezi uliopita hajakaa chini kunywa chai ikiwa bado moto.

Sasa anaingia mjitoleaji. Haruhusiwi kupima wala kumnywesha mgonjwa morfini, hiyo ni kazi ya familia iliyofundishwa na nesi. Kwa hiyo mjitoleaji mwenye akili huipanga ziara yake ndani ya kipande. Anafika saa nne na nusu, dawa ikiwa imeshanywewa na imeanza kufanya kazi. Anaondoka saa saba na nusu, nusu saa kabla ya dozi ifuatayo. Katikati, binti ana saa tatu za kwake. Akitaka kulala, alale. Akitaka kwenda kusukwa, aende, na asiulizwe kwa nini mtu mwenye mgonjwa anasukwa.

Hizo saa tatu kila Jumanne ndizo kazi yenyewe. Hebu fikiria sasa Jumanne moja usipotokea. Binti alikuwa ameshamwahidi mteja, ameshavaa viatu. Anavivua. Ndiyo maana ni afadhali mtu anayeahidi mara mbili kwa mwezi na kufika, kuliko anayeahidi kila siku kwa moyo mkunjufu na kukwamishwa na mvua.

Kwa ufupi: Mgonjwa ana nesi wake. Anayemtunza mgonjwa hana mtu. Mjitoleaji humpokea huyo wa pili mzigo kwa saa chache zinazojulikana.

Thika yenyewe ina sura mbili. Ukienda vijiji vinavyouzunguka mji, bado utakuta shangazi, mke wa kaka na wanawake wa kikundi cha kanisa wakipokezana, na pale kazi yako huwa ni kumsaidia nesi kwa habari tu: nani yupo, nani amechoka. Ukiingia Kiandutu au nyumba za Makongeni mambo yanafanana na Kimbo, pengine na nafasi finyu zaidi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni aombe familia iliyo karibu na kwake, si kwa sababu ya nauli peke yake. Ukiishi mbali utachoka na barabara kabla hujachoka na kazi.

"Hiyo si ni dawa ya kufa?"

Swali hili utalisikia mapema, na mara nyingi litaulizwa jikoni, kwa sauti ya chini. Binamu amekuja kutoka Nairobi, ameona chupa, amesoma neno morfini, ameshtuka.

Ni vizuri ujue ukweli hata kama hupimi dawa. Morfini ya maji hutengenezwa kwa unga wa dawa uliochanganywa na maji. Uganda huiweka rangi ili nguvu tofauti zisichanganywe: ya kijani ndiyo nyepesi kuliko nyingine. Ikitolewa kwa kipimo alichopanga daktari kwa ajili ya maumivu, haimharakishii mtu kifo, na ni nadra mgonjwa wa maumivu kugeuka mlevi wa dawa. Inacholeta karibu kila mara ni choo kigumu, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha tumbo. Huko Uganda wahudumu wamewahi kuwafundisha wasiomudu dawa hiyo kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Siku za mwanzo pia mgonjwa anaweza kusinzia sana, na binamu ataliona hilo kama ushahidi. Mara nyingi ni usingizi wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki nyingi.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2004 ilibadilisha kanuni zake ili manesi na maofisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika morfini, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Jambo hilo linanivutia kwa sababu linaonyesha kwamba maumivu mengi tunayoyaita mapenzi ya Mungu ni matatizo ya usafiri na makaratasi.

Na binamu je? Usibishane naye kuhusu mililita. Mwambie unavyoelewa kwa sentensi mbili, kisha umpe namba ya nesi wa hospisi. Mwache nesi awe nesi.

Utasema nini?

Watu wanaogopa ukimya wa chumba cha mgonjwa, basi wanaujaza. "Utapona tu." "Usiwaze hivyo, shosho." "Hata fulani alikuwa na hali mbaya kuliko yako." Maneno haya yametoka mahali pazuri, lakini yanamfungia mgonjwa mlango. Alitaka kusema kwamba anaogopa usiku. Sasa amejua kwamba wewe pia hutaki kulisikia.

Anza na jina. Aliyekuwa Mama Njoroge kwa miaka 40 hajawa "mgonjwa" kwa sababu amelala. Muulize angependa umwiteje, na kama anaongea Kikuyu au Kikamba na wewe hujui vizuri, jitahidi hata salamu. Kaa chini, macho yenu yawe usawa mmoja. Anayesimama anaonekana anataka kuondoka. Uliza kitu kinachoweza kujibiwa kwa hadithi: kahawa ya kwao ilikuwa inauzwa wapi, nani alimfundisha kupika, shule alisoma mpaka darasa gani. Halafu nyamaza.

Maombi yana mahali pake. Katika eneo hili watu wengi watakuomba uwaombee, na ukiweza, omba. Shida inaanza mjitoleaji anapokuja na ajenda yake, akitaka mtu aokoke kabla ya Jumapili. Mgonjwa aliyelala hawezi kuinuka atoke. Nyumba ya Mwislamu, vilevile, familia itakuwa na taratibu zake za kumsomea mgonjwa na kumlaza kuelekea kibla. Waulize wangependa ukae wapi.

Kuna mtego mmoja nitaukalia kidogo kwa sababu utakutana nao. Mlangoni, kabla hujavua viatu, mtoto wa mgonjwa anakuvuta pembeni: "Tafadhali, mama hajui ni saratani. Tumemwambia ni vidonda vya tumbo." Unaingia. Baada ya dakika 20 mama anakushika mkono: "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Huu ugonjwa una dawa?"

Usimdanganye. Usimfichulie pia, maana si habari yako na hujui yote. Mrudishie swali kwa upole: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje mwili wako? Daktari alikuambia nini?" Mara nyingi utakuta anajua zaidi ya watoto wake, na amekuwa akinyamaza ili wasiumie. Umsikilize, kisha umwambie kwamba swali hilo utamfikishia nesi, na ulifikishe siku hiyo hiyo. Manesi wa hospisi wanajua kuikalisha familia pamoja. Ni kazi ya ujuzi, na ikifanywa vizuri inaondoa nyumbani mchezo wa kuigiza uliokuwa ukimchosha kila mtu.

Mambo usiyoyagusa

Orodha hii ni fupi, na haina ruhusa maalumu.

- Dawa. Hupimi, huongezi, hupunguzi, hata ukiombwa na kila mtu chumbani.
- Biashara. Hakuna kuuza virutubisho, maji ya miujiza wala bidhaa za yule rafiki yako wa mtandao wa mauzo. Familia iliyokata tamaa itanunua chochote.
- Picha. Mgonjwa hapigwi picha kwa ajili ya statasi yako, hata ya mikono iliyoshikana.
- Pesa. Hukopeshi, hukopi, na michango haipiti kwenye simu yako. Ukiona hawana chakula, mwambie msimamizi wako hospisini.
- Wosia. Hili linahitaji maelezo.

Sheria ya Urithi ya Kenya inautambua wosia wa mdomo. Mtu akitamka mbele ya mashahidi wawili au zaidi jinsi anavyotaka mali yake igawanywe, na akafariki ndani ya miezi mitatu, matamshi hayo yanaweza kuwa na nguvu mahakamani. Sasa jiweke kwenye kiti kile cha plastiki kando ya kitanda, jirani akiwa amepita kuangalia hali, na mama aseme: "Lile shamba la Gatanga apewe binti yangu aliyenitunza." Umeingia kwenye kesi ya ardhi bila kuinuka. Usijibu kana kwamba umekubali kitu, wala usianze kumwandikia. Mwambie umesikia, na kwamba hospisi inaweza kumshauri jinsi ya kupata msaada wa kisheria. Halafu mpigie msimamizi wako ukiwa bado kwenye ngazi, wakati maneno yake bado unayakumbuka yalivyosemwa. Kama ni wosia wa kuandikwa, usiwe shahidi wake. Si kwa sababu sheria inakukataza, ila kwa sababu kesho familia itagawanyika na wewe utahitajika na pande zote mbili.

Nani anafaa, nani asubiri

Hakuna cheti cha shule kinachohitajika. Hospisi makini itakuhoji, itakufundisha, na itakuunganisha na mtu wa kumpigia ukikwama. Mafunzo huwa ni ya kusikiliza, kutunza siri, kunawa mikono na kujikinga, kumgeuza mtu kitandani bila kumwumiza wala kuuvunja mgongo wako, kumlowesha midomo kwa kitambaa safi, na dalili za siku za mwisho. Somo hili la mwisho ndilo linalowaondolea watu hofu zaidi. Kwa mfano, mtu anayekaribia kufa huacha kula kwa sababu mwili hauhitaji tena. Binti anayemlazimisha mama uji huku akilia anahitaji kuambiwa na mtu anayemwamini kwamba hamuui kwa njaa.

Ikiwa hospisi inakupeleka kwa mgonjwa siku ya kwanza bila neno lolote, kataa kwa adabu.

Aliyefiwa karibuni ndiye anayejitokeza kwa bidii kuliko wote. Amemzika mume mwezi Machi, mwezi Juni yuko mlangoni, anataka kurudisha wema aliotendewa. Hospisi nyingi duniani humwomba asubiri, mara nyingi kiasi cha mwaka. Inauma kuambiwa hivyo. Lakini asiposubiri, ataketi kando ya kitanda cha mtu mwingine akimlilia wa kwake, na mgonjwa atalazimika kumfariji.

Sehemu moja duniani imeonyesha jambo hili linaweza kufika mbali kiasi gani. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, chama cha tiba shufaa kilichoanzishwa Kozhikode mwaka 1993 kilizaa mtandao wa mitaa ambamo wakazi wa kawaida, wenye maduka, wanafunzi na madereva, hufundishwa kutambua wagonjwa wa kudumu wa mtaani kwao, kuwatembelea na kuchangia gharama. Madaktari na manesi hufuata nyuma yao. Hapa Kenya tayari tuna wahudumu wa afya ya jamii, wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi mwaka 2023, wanaotembea nyumba kwa nyumba. Anayehudumu mtaani kwako pengine anajua mlango wenye mgonjwa aliyefichwa. Mtafute kabla hujamtafuta mgonjwa. Sera ya taifa ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030 inataka huduma hii ifike hadi ngazi ya jamii. Karatasi imeshaandikwa, atakayepanda ghorofa ya tatu ndiye anayetafutwa.

Baada ya mazishi

Kwa Wakikuyu wa zamani kugusa maiti kulileta thahu, unajisi uliohitaji kutakaswa, na mabaki ya hofu hiyo utayaona bado: watu wanaokuja kwa wingi sebuleni lakini hawaingii chumbani. Mgonjwa akikata roho ukiwepo, hutakiwi kuwa shujaa. Angalia saa, mpigie nesi, kaa na familia. Usimwamshe mtu kutoka kwenye kilio chake ili umpe maji.

Kisha kamati ya mazishi itaundwa na kwa wiki moja nyumba itajaa watu kila jioni: maombi, michango, hesabu za basi na jeneza. Wakati huo huhitajiki sana. Hudhuria kama wengine, toa ulicho nacho, na usimsimulie yeyote uliyoyasikia chumbani.

Zamu yako inarudi viti vya kukodi vikishakusanywa. Binti wa Kimbo sasa ana siku nzima mikononi, na mwili wake bado unamwamsha saa kumi na mbili kutoa dawa. Ndugu wamerudi Nakuru na Mombasa. Wateja wa sokoni wamehamia kwa mwingine. Mpigie wiki ya pili, mtembelee mwezi wa kwanza ukiisha, na usishangae akitaka kuzungumzia hasira kuliko huzuni: kaka ambaye hakuja mpaka siku ya jeneza, pesa za matibabu, shamba. Sikiliza. Usichague upande.

Katika ziara hiyo ya kwanza kuna shughuli ndogo ambayo watu husahau. Morfini iliyobaki kwenye chupa haitakiwi kukaa kabatini, wala kumwagwa sinkini, wala kupewa jirani mwenye maumivu ya mgongo. Mkumbushe binti airudishe hospisini, na mkiweza mwende pamoja hadi Thika. Mkifika, huenda msimamizi akakuuliza kama uko tayari kupewa familia nyingine. Unaruhusiwa kumwambia bado.